Kijani cha Jumanne

Ofisini walimwita Bibi Nukta, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta akigeuza wagonjwa wa saratani kuwa nukta. Mgonjwa mmoja, nukta moja. Maabara ilisoma jeni za kipande cha uvimbe, ikamtumia maelfu ya tarakimu, naye akatafuta ndani yake alama ya kuonyesha dawa mpya itamfaa nani na nani itamtesa bure.

Alihangaika miezi minane. Hatimaye akapata jeni kumi na tisa zilizowagawa waliokwisha kunywa dawa hiyo: waliosaidiwa huku, wasiosaidiwa kule, bila hata mmoja kukosea upande. Profesa, mkubwa wake, mtu asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha wakapima wanaosubiri zamu. Mmoja wao alikuwa dada yake. Majina yalifichwa, lakini umri na tarehe vilimtosha kumjua. Dada alikuwa fundi cherehani. Saratani ya titi ilikuwa imeshafika kwenye ini, na dawa zote za kawaida zilikuwa zimegonga mwamba. Nukta yake ikaangukia upande wa waliosaidiwa. Jumatatu kamati ya jaribio la dawa ingetia saini, dada na wenzake thelathini waanze dawa.

Ijumaa mchana kamati ikaomba picha moja zaidi: nukta zipakwe rangi kufuata siku kipande kilipochukuliwa. Jambo la kawaida tu. Vipande vya Jumanne akavipa kijani, vya Alhamisi rangi ya chungwa, akabonyeza.

Upande wa waliosaidiwa ukawa kijani kitupu. Wa pili chungwa tupu.

Alishuka ngazi mbio mpaka kwa mama anayepokea sampuli.

"Shoga, vipande vya Alhamisi hufika saa ngapi?"

"Saa kumi, gari likijisikia. Si ndio wale wagonjwa wa rufaa, wanaotoka mbali? Barafu inafika imeshakuwa maji. Kwani nimeshtakiwa?"

"Na vya Jumanne?"

"Vya hapo jirani hivyo, mama. Vinafika bado vinatetemeka kwa baridi."

Kipande kikikaa kwenye joto, utendaji wa jeni zake hubadilika. Na waliotoka mbali walifika wakiwa hoi tayari, hakuna dawa ambayo ingewashika. Basi zile jeni kumi na tisa hazikusoma saratani hata kidogo. Zilisoma barafu iliyoyeyuka. Dada alikuwa kijani kwa sababu anakaa mitaa miwili kutoka hospitali.

Akapiga hesabu upya, safari hii akiondoa athari ya vipande kukaa kwenye joto. Jeni zilizobaki: sifuri. Akarudia. Sifuri.

Angeweza kuituma picha Jumanne, saini zikiwa zimeshakauka. Siku nne tu, nani angejua? Aliwaza hivyo mpaka kioo cha kompyuta kikajizima. Lakini dawa ile aliijua: ilichubua viganja, ikajaza vidonda mdomoni mtu asimeze hata mate. Na watu thelathini wengine walikuwa na dada zao.

Profesa aliitazama picha bila kukaa.

"Umehakikisha?"

"Mara tatu."

"Na dada yako yumo."

Akaitikia kwa kichwa.

"Pole, mwanangu," akasema Profesa, akanyanyua simu kuiarifu kamati.

Jioni Bibi Nukta alimkuta dada kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, amezungukwa na sare za shule.

"Mbona umekuja na uso wa mtu aliyefiwa na kuku? Kaa. Nazimaliza hizi kabla ya Jumatatu."

Akamweleza yote, taratibu, kama anavyomlisha mwanawe uji wa moto. Dada aliendelea kushona. Aliposikia mwisho, akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Nani alikutuma uzipake rangi?"

"Kamati, dada."

"Ungewaambia rangi zimekwisha."

Dada akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo dawa yenyewe haifai?"

"Hatujui. Tulidhani tunajua itamfaa nani. Hatujui."

"Na mimi nina dawa nyingine?"

Bibi Nukta akaanza kuzikunja sare zilizokwisha kushonwa.

Dada akavuta karatasi aliyoandikia vipimo vya mteja, akaigeuza. "Niandikie. Shemeji yako akirudi mimi sitaweza kumtamkia, na wewe ukimwambia utalia."

Naye akaandika sentensi tatu. Kwamba jaribio limesimamishwa. Kwamba alama waliyoitegemea ilikuwa kosa la vipimo. Kwamba wanaendelea kutafuta, na huenda mwaka ujao wakapata ya kweli.

Dada akazisoma huku midomo ikicheza. Akachukua kalamu, akaikata ya tatu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaikunja karatasi, kisha akaomba asogezewe taa amalizie sare.