Mama Uwineza Apanda Mnara

Bernardine alitoka mjini Fridley na mamake, Uwineza, wakasafiri ng'ambo hadi mji wa Sevilla kuona kanisa kuu. Walipotea vichochoroni, hadi Mama alipomshika mkono muuza machungwa na kumwuliza njia kwa Kiswahili, lugha asiyoijua. Mwanamume yule akacheka, akawaonyesha kwa kidole mnara wa kanisa.

Kwenye mlango wa mnara, Bernardine akasita. "Mama, magoti yako hayataweza."

"Kuna ngazi?"

"Hapana, ni njia ya mwinuko tu, isiyo na vidato. Zamani watu walipanda hadi juu kwa farasi."

"Farasi afike, mimi nishindwe?" Mama akatangulia kupanda.

Bernardine alifika juu akihema, akamkuta Mama anapiga picha na watalii. Kabla hajamgombeza kwa kumwacha nyuma, kengele zililia juu ya vichwa vyao. Wakapiga mayowe, wakakumbatiana, wakacheka mpaka machozi.