Nani Anaogelea Kedowa

Nelvine alipoolewa Kedowa hakujua kukamua ng'ombe. Kwao, mjini Kericho, maziwa yaliletwa mlangoni na muuzaji mwenye baiskeli, na wiki za kwanza za ndoa alisimama kwenye zizi la mumewe Aron kama mgeni aliyekosea nyumba. Lakini alikuwa mtu wa maswali. Aliuliza majirani, akauliza daktari wa mifugo, akauliza dereva wa gari la maziwa, na kila jibu lililomfaa aliliandika kwenye simu. Yalipokuwa mengi aliona afadhali ayaweke mahali ambapo mke mwingine asiyejua kukamua angeyapata. Ndivyo blogu yake ilivyoanza, blogu ya ng'ombe wa maziwa kwa Kiswahili cha kawaida. Miaka ilipita, akapata wasomaji ambao hakuwajua, wengine wa Bomet, wengine wa mbali zaidi, wakimwandikia habari za viwele vilivyovimba na ndama wasiotaka kunyonya.

Aliyemletea habari ya kamisheni ni Winny, aliyesoma naye chuoni, ambaye ana blogu yake ya nywele. Siku hiyo alikuja kumtembelea, akaona Nelvine anavyojibu maswali ya watu huku uji unamwagika jikoni, akamwambia kwamba analima shamba asilolivuna. Akamweleza. Kuna duka kubwa la mtandaoni ambalo humpa mwandishi linki yake mwenyewe. Mwandishi anaiweka ndani ya makala yake, kando ya kitu anachokielezea. Msomaji akiibonyeza na kununua, duka linamkatia mwandishi sehemu yake. Mnunuzi haongezewi bei hata kidogo.

"Na duka linajuaje kwamba ni mimi nimemleta?" Nelvine aliuliza.

Winny alicheka, akasema tangu aanze kupata kamisheni hajawahi kujiuliza.

Nelvine alijiuliza. Alijisajili, ombi lake likarudishwa mara ya kwanza kwa kuwa hakueleza vizuri anaandika nini na anasomwa na nani, akalirudia, likakubaliwa. Alipopewa linki ya kwanza hakuiweka popote. Aliiangalia kwanza. Mkiani mwake kulikuwa na namba ambayo haikuwepo kwenye linki ya kawaida ya duka lile, akaelewa kwamba hiyo ndiyo alama yake, kama kile kipande cha plastiki ambacho ng'ombe hutobolewa nacho sikioni ili akipotea ajulikane ni wa boma gani. Alifurahi sana kulielewa jambo hilo, pengine kuliko ambavyo angefurahia pesa zenyewe.

Kitu cha kuelezea alikuwa nacho. Maziwa yao yaliwahi kukataliwa kwenye gari kwa sababu ya harufu, na baada ya kuulizauliza akagundua kosa lilikuwa kitambaa cha kuchujia, ambacho hakikauki vizuri siku za mvua. Alinunua chujio la chuma kisichoshika kutu, na maziwa hayakukataliwa tena. Akaandika yote hayo, akaweka linki chini ya picha ya chujio. Makala ilisambaa. Kuna mtu aliipeleka hadi kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa.

Watu walibonyeza. Kwenye ukurasa wa ripoti Nelvine aliwaona kama nukta zinazoongezeka, lakini mnunuzi hakuwepo. Aron alimwambia watu wa huku hushika kitu kwanza ndipo watoe pesa, na asivunjike moyo. Kisha asubuhi moja, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa huku ng'ombe wakila majani, akafungua ripoti na kukuta mauzo. Hayakuwa ya chujio. Mtu fulani alikuwa amenunua miwani ya kuogelea ya mtu mzima, pamoja na kofia yake ya mpira.

Alidhani ni makosa. Akampigia Winny, na Winny akamwambia hakuna kosa. Mtu akishapita mlango wako akaingia dukani, chochote atakachokitoa kwenye rafu yoyote unahesabiwa wewe, ilimradi muda uliowekwa na duka haujaisha. Yeye mwenyewe aliwahi kuandika juu ya mafuta ya nywele, na msomaji akaenda kununua tairi la wilbaro.

Wilbaro Nelvine aliielewa. Miwani ya kuogelea haikumtoka kichwani. Maji ya Kedowa ni baridi, hata watoto wakipelekwa mtoni hulowesha miguu tu na kukimbia. Mabwawa yaliyopo ni ya kunywesha mifugo. Akasema labda ni msomaji wa Mombasa, lakini huyo wa Mombasa alitaka nini na chujio la maziwa? Jioni alimwuliza Aron kama kuna mtu anayemjua anaogelea. Aron alifikiri, akamtaja bata wa chifu.

Siku alipokwenda kuchukua kifurushi chake mwenyewe, dawa ya kupe aliyoagiza, swali lilimponyoka. Vifurushi vya mtandaoni hushukia kwa Onyiego, kijana wa Kisii mwenye duka la vipuri kando ya barabara, na ikiwa miwani ilifika Kedowa basi ilipitia mikononi mwake. Alimwuliza kwa kuzungukazunguka. Onyiego aliendelea kutafuta kifurushi chake kwenye rafu.

"Dada, nikianza kutaja mzigo wa nani una nini, kesho hakuna atakayeniachia mzigo," alisema. Hakusema kwa ukali.

Nelvine aliaibika njia nzima ya kurudi. Kujua namba inavyokaa kwenye linki ni jambo moja, kutaka kumjua mtu aliyejinunulia kitu chake kimyakimya ni jingine. Akajiambia aliache. Hata hivyo, Jumapili ile kanisani alijikuta akiangalia watu vichwani, kana kwamba kofia ya mpira huacha alama.

Haukupita muda mrefu, Rebeccah akaja mwenyewe.

Rebeccah, ambaye kila mtu humwita Mama Kipkoech kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa mjane mwenye shamba lake la chai kwenye mteremko wa ng'ambo na ng'ombe wanaosifiwa. Alikuwa mzee wa kanisa pia, mtu ambaye akisimama kuomba, watoto huacha kuchezacheza. Alikaribishwa, akaletewa chai, akauliza habari za ndama. Kisha akatoa mfuko kwenye kikapu, na ndani ya mfuko akatoa miwani ya kuogelea, ya buluu, akaiweka mezani karibu na sukari.

"Hii miwani yako inaingiza maji," alisema. "Nimekuja unibadilishie."

Nelvine aliigeuzageuza miwani mkononi. Rebeccah alidhani anabishiwa, akaeleza. Alikuwa amebonyeza pale kwenye kundi la akina mama ili aone chujio, akakuta lile duka lina vitu vyote chini ya jua, ndipo akatafuta alichokuwa akikitaka siku nyingi. Na kwa kuwa aliingilia kwenye maneno ya Nelvine, alijua duka ni la Nelvine.

Ikabidi Nelvine aeleze linki ni nini. Alieleza namba, alieleza duka, alieleza kwamba yeye hana bohari wala bidhaa. Rebeccah alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi.

"Kwa hivyo mimi nilinunua, na wewe ukapata."

"Kidogo, mama. Bei yako haikuongezwa."

"Na hukuniambia."

"Chujio ninalo kweli. Sikudanganya."

"Sijasema umedanganya. Nimesema hukuniambia." Rebeccah aliweka kikombe chini. "Kwetu Siongiroi, nilikozaliwa, dalali wa ng'ombe anajulikana. Akisifu ng'ombe unamsikiza, maana anajua ng'ombe, lakini unajua pia mdomo wake unalipwa. Wewe ulisifu kama dada wa kanisa."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Nelvine. Aliomba msamaha. Rebeccah aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea, akasogeza miwani mbele. Bado ilikuwa inaingiza maji.

Nelvine alijua utaratibu wa kurudisha kitu dukani, na angeweza kuufuata pale pale kwa simu. Lakini duka lingeuliza kasoro ni ipi, naye hakuiona. Mpira ulikuwa laini, vioo vilikaa sawa, ukanda haukukatika. Akauliza kama anaweza kuiona ikitumika. Na kwa kuwa hakuweza kujizuia, akauliza lile jingine pia.

"Mama, unaogelea wapi?"

"Sijui kuogelea," Rebeccah alisema. "Najifunza."

Ilikuwa hivi. Kipkoech, mwanawe, alioa Dorine, binti wa watu wa ziwani, karibu na Homa Bay. Mwaka uliopita Rebeccah alikwenda kuwasalimia wakwe. Walimpokea kwa heshima, wakamlisha samaki mpaka akaomba apumzike, na siku ya pili familia nzima ikateremka ufuoni pale wanapoogelea watu. Waliingia majini wote, watoto, kaka zake Dorine, hata mama yake Dorine ambaye umri wake na wa Rebeccah ni mmoja. Rebeccah aliwekewa kiti kwenye mchanga, akalinda viatu. Watu walicheka huko majini na yeye hakusikia walichochekea. Alirudi Kedowa akamwambia mkaza mwana kwamba wakienda tena hataki kiti.

Jumamosi, jua lilipokwisha kupasha maji, Nelvine aliwafuata Rebeccah na Dorine bwawani. Lilikuwa bwawa la familia, lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe chini kabisa ya shamba la chai, na upande mmoja lilikuwa na kina cha kiuno tu. Dorine alikuwa amekwisha kuingia. Rebeccah alishuka akiwa na suruali ya michezo ya mwanawe na fulana nzito, akishikilia mkono wa mkaza mwana. Ilikuwa ajabu kumsikia Dorine, ambaye nyumbani humwita Mama kwa sauti ya chini na kumpisha njia, akimwamuru alegeze shingo, asikaze magoti, apulize hewa puani. Rebeccah alitii kila neno. Alilala kifudifudi juu ya maji, mikono mbele, na kwa pumzi kadhaa alielea, mkubwa na mtulivu, kisha akasimama ghafla akifuta macho.

"Umeona?" alimwambia Nelvine. "Imejaa tena."

Nelvine alikuwa amechutama ukingoni. Aliomba arudie. Mara ya pili hakuiangalia miwani, aliangalia kofia. Chini ya mpira, usawa wa paji la uso, kulikuwa na ncha ya kitambaa iliyochungulia. Rebeccah alikuwa hajawahi kutoka nje bila kitambaa kichwani, na hakuona sababu ya kuanzia bwawani, kwa hiyo alifunga kitambaa kwanza ndipo akavaa kofia juu yake. Upindo wa kitambaa ulilala chini ya ukingo wa miwani, na maji yalipita humo taratibu kama kwenye utambi wa taa.

Nelvine alisema alichokiona. Dorine alikitazama, kisha akatazama pembeni. Lilikuwa jambo ambalo asingethubutu kumwambia mama mkwe. Rebeccah aliangalia njia ya juu, akaangalia majani ya chai ambamo hapakuwa na mtu, akawapa mgongo, akavua kofia, akafungua kitambaa na kumrushia Nelvine akishike. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, zimekatwa fupi. Akavaa tena kofia, akavuta miwani, akalala majini.

Alikaa uso chini ya maji mpaka Dorine akaanza kumsogelea. Alipoinuka hakufuta macho.

"Kumbe kuna nyasi huku chini," alisema. "Zimesimama."

Nelvine aliporudi nyumbani alifungua blogu, na juu ya kila makala yenye linki akaandika maneno ambayo alikuwa ameyatafuta njiani: ukinunua kupitia hapa, duka linanipa kamisheni, uliza chochote kabla hujanunua. Winny alimwambia amefukuza wateja. Ni kweli baadhi ya watu waliandika kwa ukali, wakisema kumbe siku zote alikuwa anafanya biashara, ingawa haikuwa siku zote. Aliwajibu mmoja mmoja. Wengine walianza kuuliza: linki inajuaje? Alilipenda swali hilo, akaliandikia makala nzima, na hiyo ikasomwa na watu wasio na ng'ombe hata mmoja. Kamisheni zilikuja polepole, siku nyingine kwa chujio, siku nyingine kwa kitu kisichoeleweka, sufuria ya keki, nyuzi za gitaa. Aliviangalia, akatabasamu, na hakumwuliza Onyiego tena.

Alimwomba Rebeccah ruhusa ya kuandika habari ya miwani. Rebeccah alikubali, bila jina, na baada ya yeye kwenda tena Homa Bay, si kabla.

Walikwenda Desemba, shule zilipofungwa. Rebeccah aliporudi, Nelvine alimpa siku mbili za kupumzika, halafu akavuka mteremko kwenda kumwona. Alimkuta kwenye ngazi ya mlangoni akichambua mboga. Alisimuliwa safari nzima, basi lililoharibika, samaki, maombi, na jinsi watoto walivyopiga kelele walipomwona bibi wa milimani akiingia majini na kofia ya mpira. Hakuogelea mbali, Rebeccah alisema. Alielea tu karibu na wenzake, akawasikia wakiongea.

"Na ulipofungua macho chini, uliona nini?" Nelvine aliuliza.

Rebeccah aliacha mboga ili akumbuke vizuri.

"Mchanga," alisema. "Na miguu ya mama yake Dorine. Alikuwa amesimama karibu yangu."