Maji ya Merv

Kiangazi hapa Broken Hill, jangwani Australia, hakifichi mtu. Vumbi jekundu huingia mpaka kwenye siagi, na halmashauri ikishapiga marufuku kumwagilia, kila mtu anajua bustani ya nani imekufa na ya nani bado inapumua. Ya jirani yangu Beryl haikupumua tu, ilinawiri. Basi watu wakasema. Na wengi walisemea jikoni kwangu, maana chai yangu haiishi na mlango wangu haufungwi.

"Anaiba maji yule," wakasema. "Hakuna nyanya inayokubali joto hili bila wizi."

Mtu wa halmashauri akaja. Akaufuata mpira wa maji kutoka kwenye nyanya, ukapita chini ya mlimau, ukapanda ukuta, ukaingia dirisha la chumba cha kulala. Ndani akamkuta Merv, mume wa Beryl, mchimba madini mstaafu, sindano mbili mkononi, ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu, anasoma habari za mbio za farasi.

"Karibu," Merv akamwambia. "Mwizi mwenyewe ndiye mimi."

Mashine ile ilikuwa na chujio la kusafisha maji ya bomba kabla ya kuyatumia, na chujio lilikataa maji mengi kuliko liliyoyakubali. Yalikuwa safi, hayajagusa damu ya mtu, na yalikuwa yanakwenda kwenye mfereji bure mpaka Beryl alipoyaona. Siku moja mashine, siku moja mapumziko, na bustani ikanywa.

Ungemwona Beryl alfajiri! Alishika brashi ya kupakia rangi, akapangusa vumbi jani moja moja. Jua likianza kuuma alizifunika nyanya kwa shuka kuukuu, akizigombeza kama watoto wanaokataa kulala. Nilimsikia akicheka peke yake huko. Merv alikuwa akimtazama kutoka dirishani, na sindano zake mkononi, akiniambia, "Noelene, mke wangu ana mchumba. Ana majani kichwani."

Halafu ikaja Januari ile ambayo ndege walidondoka kutoka mitini kwa joto. Beryl alikuwa ametoka kwenda dukani. Merv akaniita.

"Wewe ni redio ya mtaa," akasema, "lakini hili lizime."

"Limezimwa. Sema."

"Nimechoka. Mkono hauna tena pa kuchoma. Daktari amesema nikitaka kuacha mashine, niache, ni haki yangu. Nitakwenda taratibu, sitaumia sana."

"Beryl unamwachaje?"

"Beryl ataelewa. Ila nikiondoka sasa, maji nayo yameondoka. Mume kaburini, bustani vumbi, yote kwa mpigo? Hapana. Ngoja nimfikishe Aprili, jua lilegee."

Siri hiyo niliishika siku mbili nzima. Siku ya tatu tulikuwa tunachuma nyanya, Beryl akasema bila kuniangalia, "Amekwambia nini?"

"Nani?"

"Shoga, tangu lini wewe ukachuma nyanya kimya? Tapika."

Nikatapika yote. Alisimama na nyanya mkononi, akiifuta kwa aproni ingawa ilikuwa safi.

"Namsikia usiku akiuma mto," akasema. "Nilidhani anaogopa kufa."

Kesho yake Merv alikuwa kwenye mashine, nami nimekaa kando yake dirishani. Beryl akaenda chini ya dirisha lake, mahali anapoonekana vizuri, akauvuta mpira kutoka bustanini, akautupa kwenye mfereji. Maji yakaanza kwenda zake.

"Beryl! Una wazimu? Maji hayo!"

"Nayaona."

"Rudisha mpira, mama!"

"Sirudishi. Sitaki nyanya inayokuchoma sindano."

Merv akanigeukia pale dirishani. "Redio!" Nikatazama viatu vyangu.

"Itakauka yote," akasema.

"Ikauke! Kwani nilijifunza kulima kwa mashine yako? Kabla yake nilikuwa na ndoo ya maji ya vyombo na mgongo wangu. Zikafa nyingi, nikapanda tena. Mzee, raha yangu si ule ukijani. Raha yangu ni kuamka nina wa kumhangaikia." Akashika ukingo wa dirisha. "Na wewe nimekuhangaikia. Inatosha. Ukitaka kupumzika, pumzika."

Maji yalikuwa yanamiminika tu. Merv akajipangusa uso kwa mkono ulio huru.

"Basi mpira urudishe leo tu," akasema. "Maji hayana kosa."

Beryl akacheka, akalia, akaurudisha.

Tangu siku hiyo Merv hakuunganishwa tena. Kitanda chake tukakitoa barazani, chini ya mzabibu, na wao wawili wakakaa kuamua nani aishi bustanini. Waridi ziachwe zikauke. Majani ya uani yaachwe. Mlimau na mzabibu vipewe maji ya vyombo.

"Na nyanya?" Beryl akauliza.

"Ziliwe."

Zikaliwa. Nikaita mtaa mzima, hata wale waliosema wizi, wakaja na mikate na chumvi, wakakaa wamemzunguka Merv, maji ya nyanya yakiwatiririka mikononi. Yeye alionja kipande kimoja. Alisinzia watu wakiwa bado wanabishana juu ya farasi.

Alifariki asubuhi moja ya upepo wa moto, Beryl amemshika kisigino. Tulimwosha sisi wawili kwa kitambaa na mabeseni mawili ya maji ya uvuguvugu. Tulipomaliza nikachukua beseni moja kwenda nalo bafuni.

"Unayapeleka wapi?"

"Kumwaga."

"Lete hapa."

Akatoka nalo pekupeku, na ardhi ilikuwa imeshaanza kuchoma. Alipiga magoti kwenye shina la mlimau, akamimina kidogo, akangoja udongo unywe, akamimina tena, mpaka maji yakaisha. Kisha akainua tawi la chini, akakagua upande wa nyuma wa majani kama afanyavyo kila siku, akamtoa mdudu mmoja, akamponda kwa kidole.

Akarudi ndani kuchukua beseni la pili.