Khalfani Kwenye Video

Kaka yangu Khalfani alikuwa fundi cherehani Mtoni, na watu walikuwa wanamfuata mpaka kutoka Mbagala. Mitumba ilipojaa sokoni, wateja wakapotea mmoja mmoja. Mwaka 1995 akazamia meli na wenzake wawili. Mama hakumuaga kabisa. Mie aliniaga kwa uongo, akasema anakwenda Tanga kutafuta vitambaa.

Miaka mitatu ikapita bila hata salamu. Halafu, mvua za El Nino zilipoanza kukatika, akaja baharia mmoja anaitwa Nassibu, kabeba kifurushi.

"Shikamoo mama. Natokea Pusan, Korea Kusini. Mwanao Khalfani anakusalimia sana."

Mama alikaa palepale uani, juu ya mkeka aliokuwa kaanikia mihogo.

Kwenye kifurushi mlikuwa na kanda ya video na barua. Khalfani alisema ana kazi kiwandani, anakula vizuri, tusiwe na wasiwasi. Siku moja ya mapumziko alikwenda ufukweni, akakuta watu wanapiga video ya wimbo. Wakamwomba ashike mwavuli nyuma ya waimbaji. "Mnitafute, nimo," aliandika. Herufi zilikuwa zimelala ovyo kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwambia mama, kwa kucheka, kwamba huko Korea kasahau kuandika.

Deki ilikuwepo kwa jirani yetu, Mwalimu Kamugisha. Jumapili aliporudi kanisani tukaingia sebuleni kwake. Kanda ikaanza, lakini picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, inapanda juu bila kusimama.

"Kanda za kule hazipatani na deki zetu," alisema Mwalimu. "Itabidi ikabadilishwe Kariakoo."

Sauti lakini ilikuwa nzima. Ngoma nyepesi, kinanda kinarukaruka, wasichana wanaimba kwa pamoja kama watu wanaokimbilia maji. Neno hata moja hatukulielewa. Mama, ambaye toka Khalfani aondoke hakuwa amekwenda ngomani wala harusini, alianza kupiga makofi taratibu. Wimbo ulipokwisha akasema, "Mwalimu, turudishie."

Wiki mbili tukawa tunakwenda kuusikiliza wimbo usio na picha. Mama aliujua wote. Alikuwa anauimba huku akichambua mchele, kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, na jina la Khalfani ndani yake. Majirani walikuja kumpongeza. Sikumbuki wiki nyingine nilizomwona mama yangu vile.

Kisha Mwalimu akaja na kanda mpya kutoka Kariakoo.

Safari hii rangi zilijaa kioo kizima. Bahari ya buluu, mchanga mweupe, wasichana watano wenye kaptula za njano wanakula matikiti na kumwagiana maji. Mie nilipiga kelele wa kwanza. "Yule! Mama, yule pale!"

Alikuwa yeye. Kakonda, kavaa shati la maua, kashika mwavuli kwa mkono wa kushoto, wa kulia kautia mfukoni. Mama akasogea mpaka magoti yake yakagusa meza ya TV.

Msichana mmoja akageuka, akamrushia Khalfani mpira mkubwa wa plastiki. Akatoa mkono mfukoni ili audake. Mpira ukamponyoka, ukabingirika majini. Wasichana wakacheka, naye akacheka, na wimbo ukaendelea.

Sebuleni hakucheka mtu.

"Rudisha," mama alisema.

Mwalimu akarudisha, kisha akasimamisha picha. Mistari ilikuwa inatetemeka kwenye kioo, lakini mkono ulionekana. Kulikuwa na dole gumba, na baada ya hapo hakuna kitu.

"Labda ni picha tu, Mwalimu," nilisema. "Si ndiyo? Labda kakunja vidole."

Mwalimu alitikisa kichwa. Hapo ndipo nilipoielewa barua. Aliiandika kwa mkono wa kushoto.

"Anacheka hivyo akiumia," mama alisema. "Toka mdogo. Alichomwa na pasi, akacheka hivyohivyo." Akainuka, akamshukuru Mwalimu kwa adabu, akatoka.

Kesho yake nikamfuata Nassibu kwao Buguruni. Alipoona uso wangu akaacha kula.

"Alinikataza nisiseme, sista. Ni mashine ya kukatia mabati, mwaka jana. Hana karatasi, kwa hiyo tajiri hakumlipa, akamfukuza na bandeji yake. Ile ya kwamba bado yuko kiwandani ni uongo. Viwanda vyenyewe vinafungwa sasa hivi. Anafagia soko la samaki."

"Mbona harudi?"

"Arudi afanye nini? Aliniambia hivyo mwenyewe. Fundi cherehani, arudi afanye nini?"

Nilimweleza mama yote. Alisikiliza, kisha akaniambia nilete kalamu. Tukamwandikia kwamba tumeona, kwamba mkono si kitu, cherehani nitaendesha mie na yeye atakata vitambaa kwa mkasi wa kushoto, arudi tu. Mama alilazimisha niandike "rudi tu" mara tatu. Nikaipeleka posta mwenyewe, kwa anwani aliyonipa Nassibu.

Barua ya pili tukaituma mwezi wa nane. Nassibu alikuwa kashaondoka na meli nyingine.

Mwezi wa kumi na moja bahasha zote mbili zilirudi siku moja, zimepigwa muhuri mwekundu wa maandishi ya kule. Mwalimu Kamugisha alizigeuza, akavaa miwani, akavua.

"Nadhani wanasema hayupo hapo," alisema. "Kahama, au… sijui, mama. Siwezi kusoma."

"Tutaandika tena," nilisema.

"Wapi?" mama aliuliza.

Nikazigeuza bahasha; anwani ilikuwa ileile moja. Mama akaingia jikoni kuepua wali.