Sinia Lenye Alama za Meno

Mwaka wa sabini na tatu Msabaha alitoka chuo kikuu, na kichwani hakuwa na jambo ila matembezi. Alisoma gazetini kwamba katika kisiwa kimoja chenye mlima wa moto, wageni hutembezwa asubuhi wakionja vyakula vya wenyeji. Akajiuliza, Bagamoyo imepungukiwa nini?

Akamwendea Bi Mina, mjane wa mtaa wa Dunda, amwombe awe mpishi. Bi Mina akauza kuku wawili, akanunua chuma kipya cha vitumbua. Ndugu Rehani, afisa wa utalii kutoka Dar es Salaam, akiridhika, wageni watakuja kila Jumamosi. Asiporidhika, mjane atabaki na chuma chake.

Siku ikafika. Rehani alikuja na wenzake watano, na Msabaha akawapitisha penye milango ya nakshi.

"Jamani, tunakwenda kuonja, si kushiba," aliwaambia. "Njia bado ndefu."

Hapo ndipo alipokosea.

Bi Mina alikuwa ametandika mkeka barazani, akaweka birika na bakuli la kunawia, sinia la vitumbua, na papa mkavu aliyeungwa kwa nazi. Kwake yeye, mgeni hunawa, hukaa, hula akashiba. Mgeni akiondoka na njaa, aibu ni ya mwenye nyumba.

Rehani hakuvua viatu wala hakunawa. Alisimama juu ya mkeka, akachukua kitumbua, akakiuma kidogo, akakirudisha siniani. Akauma cha pili, akakirudisha. Wenzake wakafuata. Punde sinia zima lilikuwa na alama za meno, mate yakimeta juu ya mafuta.

"Karibuni mkae," alisema Bi Mina. "Punda ndiye anayekula amesimama."

"Tunaonja tu, mama!" Rehani alicheka, makombo yakimruka mdomoni. "Kijana wako katukataza kushiba."

Bi Mina akamtazama Msabaha.

Rehani akachovya kidole katika mchuzi, akachopoa kipande cha papa, akatafuna, akakunja uso. "Uvundo gani huu!" Akatema ndani ya bakuli la kunawia. Kile kipande kikaelea na ute wake.

"Umefanya kazi nzuri, kijana," Rehani alisema, akifuta kidole kwenye mkeka. "Naipitisha. Ila papa aondoke, na mama apunguze maneno."

Msabaha alilitazama bakuli. Kila Jumamosi!

"Usiipitishe, ndugu."

"Unasemaje?"

"Kosa ni langu. Nimewaleta watu waonje katika nyumba ya kushiba. Sitawaleta tena."

"Elimu imekuharibu," alisema Rehani, akawaita wenzake wakaondoka.

Bi Mina aliwamwagia vitumbua kuku waliobaki, kisha akaanza kusugua bakuli kwa majivu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Umewafukuza wateja wangu bila kuniuliza."

Msabaha akainamisha kichwa. "Nisamehe, Bi Mina. Ulitaka warudi?"

"Wale? Hata wakileta dhahabu siwapikii. Lakini ungeniuliza." Akakibandika chuma kipya motoni, akamimina unga. "Haya, nawa. Hapa huonji."

Msabaha alinawa, akaketi. Kitumbua cha kwanza kilimkwama, maana bado aliliona lile bakuli. Akakimeza hivyo hivyo. Bi Mina akamwongezea cha pili.