Chokaa Wakati wa Masika

Zakia alipotoweka, mumewe Nassoro aliwaambia watu kwamba ametorokea Mombasa na mfanyabiashara wa mitumba. Alisema hayo huku machozi yakimtoka, na watu wa kijiji chao cha Kwai wakamwonea huruma. Alikuwa msomi, mpole. Alifanya kazi ya maabara hospitalini miaka mingi, na serikali iliporuhusu watu binafsi kutoa huduma za tiba, akafungua maabara yake Lushoto mjini.

Mwanaisha, dada mkubwa wa Zakia, hakuamini hata neno moja. Viatu vyote vya mdogo wake vilikuwa bado uvunguni. Tena chumba cha kulala kilikuwa kimepakwa chokaa mpya, katikati ya masika, wakati hata kanga haikauki.

Akaenda polisi. Sajenti Hezekia alimsikiliza, akapanda naye mpaka Kwai. Walipobandua chokaa, madoa ya kahawia yakatokea ukutani.

"Damu ya mbuzi," alisema Nassoro, sauti yake shwari. "Nilimchinjia humu ndani kwa sababu ya mvua. Nyama niliwagawia majirani. Waulizeni."

Kweli, majirani walikula. Hata mama yake Mwanaisha aliletewa paja, akapika supu na kumwombea dua mkwewe.

Sampuli zikapelekwa Dar es Salaam. Mwanaisha alipanda kabichi, akavuna, akapanda tena. Siku sajenti alipomwita, hakumtazama usoni.

"Wameona damu ya mbuzi, dada. Nyingine imeharibiwa na dawa, hawawezi kusema ni ya mtu au ya mnyama. Yule bwana alijua watakachotafuta kabla hawajaanza kutafuta."

"Kwa hiyo unajua kamuua."

"Najua."

"Basi mfunge!"

"Nimfunge kwa kipi? Mabonde yote tumepita, mwili hatukuuona. Nikimwambia hakimu najua, ataniuliza nimejuaje."

Mwanaisha alirudi nyumbani akitembea kwa miguu, ukungu umefunika barabara. Alitamani angalau kisomo, watu wakae chini wamsomee mdogo wake. Mama akakataa katakata.

"Unamsomea mtu aliye hai? Mwanangu yuko Mombasa."

Mwanaisha hakuwa na la kumwonyesha. Akamwachia Mombasa yake.

Msimu wa matunda ulipofika, Mwanaisha na mama yake walikutana na Nassoro sokoni. Aliinama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hajaandika bado?"

"Bado, mama."

Mama akachagua peasi nzuri kwenye kapu lake, akamjazia mikononi. "Akiandika, mwambie simdai chochote. Arudi tu."

Nassoro akamgeukia Mwanaisha. "Shikamoo, dada."

Watu walikuwa wanatazama. Mama naye alikuwa anamtazama, akingoja.

"Marahaba," akasema Mwanaisha.