Jina Jipya la Mtaa wa Mama

Mtaa wetu uliitwa kwa jina la kabila la mama, kwa kuwa babu zake ndio waliojenga nyumba za kwanza pale. Makabila mengine yalipozidi, madiwani walivutana miaka miwili, mwishowe wakaupa jina la ua, asiudhike mtu. Mimi ndiye mchora vibao wa manispaa. Kazi ni kazi. Nilifuta jina la zamani, nikaandika jipya.

Mama alikuwa mlangoni akinitazama. "Hata wewe, mwanangu?"

"Ni jina tu, mama."

Miaka mitatu hakulitamka jina hilo jipya.

Siku moja alikwenda kliniki peke yake, asirudi. Jioni nilimkuta kwenye benchi nje ya kliniki, miguu imevimba.

"Kila dereva wa teksi ananiambia hakuna mtaa kama huo," alisema. "Nikawaambia nimezaliwa huko. Wakacheka."

Roho iliniuma, nikamwomba radhi. Alinishika mkono, tukaondoka polepole. Njiani aliniuliza lile ua linaitwaje. Nilipomtajia, akalirudia mara tatu, kama mtoto anayefundishwa kusoma.